Sikio la Dume Kwenye Nembo

Jumatatu, 2 Juni

Barua ya posa bado haijajibiwa! Baba Ritha, mshenga wangu, aliipeleka Ihumwa baada ya Pasaka, imefungwa kwenye leso nyeupe, kila kitu kwa desturi. Mzee Obedi, baba yake Dorkasi, aliipokea kwa mikono miwili. Akaiweka juu ya kabati la vyombo. Akauliza habari za mvua. Mpaka leo ipo pale pale juu ya kabati.

Leo Baba Ritha kapita karakana kunipa maneno. Mzee hana neno baya na mimi. Ila ameuliza swali moja: huyu kijana ana kitu gani ambacho ni chake? Si mali, maana mali huja na kwenda. Kitu alichokifanya kwa akili yake, mtu akikiona aseme hiki ni cha Gerson.

Nikamwonyesha geti. Ndiyo kazi yangu hapa Kizota, kuchora maua ya chuma ya mageti. Baba Ritha akalitazama sana. Akasema mbona mageti yote ya mtaa huu yana ua hilo hilo. Kweli. Nililichora kwa kuangalia geti la jirani. Nikaona aibu mbele ya geti langu mwenyewe.

Lakini jioni, habari njema! Ghala wanatafuta nembo mpya. Ghala ni ile ensaiklopidia ya mtandaoni, anayetaka anaandika, anayetaka anarekebisha. Dorkasi hamalizi siku bila kuitaja. Yeye ni mwalimu Ihumwa. Akishasahihisha madaftari ya watoto, anaingia Ghala kusahihisha watu wazima. Sasa wanasema picha itakayochaguliwa itakaa juu ya kila ukurasa, na pembeni pataandikwa: nembo imechorwa na fulani.

Fulani ni mimi. Dorkasi simwambii. Ataona siku ya siku, na baba yake pembeni.

Jumanne, 3 Juni

Nimesoma historia ya nembo za Ghala. Fundi lazima ajue fundi mwenzake aliharibu wapi.

Ya kwanza ilichorwa na mwanzilishi mwenyewe. Ghala la nafaka, la miti, paa la nyasi. Tatizo mlango. Mwembamba, katikati, ndani giza. Watu wakauliza kwa nini maarifa yetu yamewekwa chooni. Wakaupanua mlango, likawa banda la chipsi. Wakaondoa mlango kabisa. Mtu akaandika kwa upole kwamba sasa ni sufuria iliyofunikwa.

Ya pili ni hii ya sasa. Karanga iliyopasuliwa, ndani punje, kila punje ina herufi. Kwenye kompyuta inapendeza. Kwenye simu inakuwa ndogo, inakuwa funza. Mwalimu mmoja wa Kondoa kalalamika kwamba wanafunzi wake wanaiita ile tovuti ya funza. Nimecheka mpaka bosi kachungulia.

Mimi nitachora ng'ombe! Kichwa cha dume wa kwetu, nundu kwa nyuma. Nani Dodoma atamkataa ng'ombe? Nimejisajili kwa jina Dume la Kati, maana kule kila mtu ana jina la kubuni.

Kasoro ndogo tu. Sijawahi kumtazama ng'ombe kwa karibu. Mimi ni mtoto wa Kizota. Marehemu babu yangu alikuwa fundi magodoro, na ng'ombe akimwona njiani alikuwa anavuka barabara.

Alhamisi, 5 Juni

Nimepata dume! Humo humo Ghala, kwenye makala ya ng'ombe wa Wagogo. Mweusi, baka jeupe kwenye paji la uso, anatazama kamera kama mtu wa ofisini aliyeamshwa. Nimeweka karatasi nyembamba juu ya kioo cha simu nikamfuatisha kwa penseli. Chini ya picha kulikuwa na maelezo marefu. Nani ana muda.

Kizuri zaidi ni sikio. Lina mkato mdogo, safi, kwenye ncha. Halafu chini yake pengo kubwa lenye meno meno. Hata mimi najua kwamba wafugaji wa kwetu hukata masikio ya ng'ombe, kila ukoo na alama yake, mifugo ikichanganyika malishoni isilete ugomvi. Hiyo ndiyo itakayoua! Nimelichora sikio kwa heshima zote.

Wanataka na maelezo ya mchoraji. Nimeandika: "Alama hii ya sikioni ni ya ukoo wetu. Nimeirithi kwa babu yangu mfugaji. Mkato mdogo ni swali. Pengo kubwa ni jibu." Niliyasoma tena na tena, machozi yakanilenga.

Baadaye nikamkumbuka babu, sindano yake ya magodoro mdomoni. Nikaona aibu. Ikapita baada ya kula.

Jumamosi, 7 Juni

Watu hawana adabu!

Sikujua kwamba Ghala hata rasimu ya nembo inarekebishwa na yeyote. Asubuhi nimefungua, mtu kapunguza nundu, anasema dume anaonekana kabeba begi la shule. Nikarudisha. Mwingine kamvalisha miwani, ili ieleweke kwamba anasoma. Nikavua. Mwingine kakata pembe kwa ajili ya usalama wa watoto. Mpaka mchana dume wangu alikuwa nguruwe msomi. Kazini sikugusa hata geti moja. Bosi kauliza naumwa nini.

Hao wote ni nafuu. Kuna huyu anayejiita Mpenda Mlenda. Hagusi pembe, hagusi nundu. Anafuta mikato ya sikio tu! Analiacha sikio zima, laini, halafu anaandika: tafadhali, alama hii ina mwenyewe, na hilo pengo wala si alama. Nikarudisha. Akafuta. Nikarudisha. Akaniuliza kwa adabu kabisa kama nina hakika, maana jambo lenyewe linaweza kuniletea aibu.

Aibu! Mimi! Nikamjibu mbele ya watu wote kwamba wanaomjua ng'ombe kwa supu yake wanyamaze, wenye ng'ombe waseme. Na kwamba kama anapenda mlenda, arudi jikoni kwenye mlenda wake. Hakujibu tena. Sikio likabaki.

Nilijisikia dume kweli kweli. Jioni Dorkasi kapiga simu, sauti haina raha. Kuna mtu mtandaoni kamtukana hadharani, na yeye alikuwa anamsaidia tu. Nikamwambia anipe jina nimshughulikie. Akakataa, hataki nigombane na watu kwa ajili yake. Nikamwambia mtu wa namna hiyo hakulelewa. Akasema ahsante, angalau mimi namwelewa.

Jumapili, 8 Juni

Rasimu nyingi zimeondolewa. Ushindani wa kweli ni mmoja. Shahil.

Ni Shahil wa duka la vifaa vya kuandikia pale mjini, familia yao inauza karatasi tangu baba yangu hajajua kusoma. Yeye kaingia kwa jina lake halisi, hana hata aibu. Amechora kishada cha zabibu. Kila zabibu ina herufi au alama ya mwandiko fulani wa dunia. Na juu kabisa, karibu na kikonyo, zabibu moja haipo. Anasema ni kwa sababu maarifa hayajakamilika. Mimi nasema alisahau. Nimeripoti kosa. Watu wamenijibu kwamba hilo ndilo wanalolipenda zaidi.

Lazima nikiri kwenye shajara hii, ambako hakuna anayesoma: ni nzuri. Hata kwenye simu ni zabibu.

Baada ya ibada nikamvuta pembeni Mama Jenifa, kiongozi wa kwaya. Nikamweleza kwa huzuni kwamba kuna watu wanataka kuweka zabibu kwenye ensaiklopidia, na zabibu ni divai, na divai ni ulevi, na watoto watasoma. Mama Jenifa kanitazama sana. Akasema Gerson, umekunywa kikombe cha Bwana leo au hukunywa? Akasema zabibu zimetajwa kwenye Biblia mara nyingi kuliko mimi nilivyotajwa kwenye orodha ya wanaofagia kanisa.

Nikabadili gia. Nikamwambia basi kwaya inisaidie kura, nami nitawachorea bango jipya la kwaya. Hapo akaelewa. Wote wataingia Ghala leo leo.

Jumanne, 10 Juni

Fedheha.

Sikujua kwamba Ghala kura bila sababu haina uzito. Kila anayepiga lazima aeleze kwa nini. Kwaya yote imeandika sababu moja: "Ni nzuri, Bwana asifiwe." Sauti ya kwanza, ya pili, teno, besi. Bwana asifiwe mpaka mwisho wa ukurasa. Halafu kwa kuwa zabibu zimewekwa juu na ng'ombe chini, wengi wamezisifu zabibu kwanza. Mama Jenifa mwenyewe kapiga kura kote kote, kisha kaongeza kwamba hata ile ya funza haikuwa mbaya.

Msimamizi wa Ghala anaitwa Erica, ni mkutubi kule chuoni Chimwaga. Ameziondoa zote. Akaandika kwamba anawakaribisha ndugu wapya, anaomba wabaki waandike makala kuhusu muziki. Hakunitaja. Ndiyo ilivyouma! Angenitaja ningekasirika. Sasa nimebaki na aibu, sina pa kuitua.

Bado tupo wawili, mimi na Shahil. Jumamosi tutasimama ukumbini Chimwaga, kila mtu aeleze picha yake, wachangiaji waamue. Nimemwomba Baba Ritha amlete Mzee Obedi. Nikamwambia amwambie mzee hivi: kile kitu chako ulichokiuliza, njoo ukione.

Alhamisi, 12 Juni

Nimekwenda dukani kwa Shahil kupeleleza.

Nilijitambulisha kwa jina langu la mtandaoni. Akaruka kaunta kunipa mkono! Akasema dume wangu anamkosesha usingizi, hasa sikio. Mama yake, Bi Shirin, akaleta chai na kaukau za muhogo, akauliza kama nimeoa. Nikasema posa iko Ihumwa. Bi Shirin akaniombea dua hapo hapo.

Shahil akauliza nitachapisha wapi picha ya Jumamosi. Nikasema bado. Akasema mashine ipo, anichapie mwenyewe, hanitozi kitu, maana tupo kazi moja. Hapo shetani akaniamkia. Nikamwomba aichape kubwa. Kubwa kuliko yake. Kubwa kadiri mashine inavyoweza. Akasema karatasi pana ipo ya kuchapia mabango ya harusi. Nikasema hiyo hiyo.

Imetoka. Sikio peke yake ni kubwa kama ungo! Ya Shahil, ameichapa kwenye karatasi ya kawaida. Nimetoka na dume langu limekunjwa begani, nimeshiba kaukau zao, najua kabisa nilichowafanyia. Niliona haya mpaka njia panda. Kisha nikawaza litakavyoonekana ukumbini, nikaanza kupiga mluzi.

Jumamosi, 14 Juni

Siandiki.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani sijaenda. Naandika ili nisiendelee kuisikia kichwani.

Ukumbi ulijaa. Upepo wa Juni ulikuwa unapiga madirisha, watu wamejifunika. Mzee Obedi kaketi mbele, koti lake refu, fimbo katikati ya magoti. Baba Ritha kushoto. Kulia Dorkasi. Aliponiona nabeba lile likaratasi alitabasamu. Nilipolikunjua, tabasamu likaondoka. Akalitazama dume. Akanitazama mimi. Akaweka mkono mdomoni. Mimi nikadhani ni uzuri wa picha.

Shahil alieleza zabibu zake kwa maneno machache, akakaa. Nikasimama. Shikamoo kwa wakubwa, ikaitikiwa. Nikaanza na babu. Nikamweka mbugani, fimbo mkononi, makundi ya ng'ombe mbele yake, vumbi. Nikawaambia alivyonishika mkono nikiwa mdogo akanifundisha kusoma sikio la ng'ombe kabla sijajua kusoma kitabu. Wanawake wawili watatu wakafuta macho. Nikagusa ungo ule wa sikio. Mkato mdogo ni swali. Pengo kubwa ni jibu. Makofi!

Mzee Obedi akainua mkono. Erica akampa nafasi. Akasimama polepole, akasalimia ukumbi kwa Kigogo, mbukwenyi, wote wakaitikia. Akasogea mpaka kwenye picha. Akainama kulitazama sikio, pua karibu iguse karatasi.

"Mwanangu," akasema, "hili pengo umesema ni nini?"

"Ni jibu, mzee."

"Hapa aling'atwa na fisi."

Sijui kama umewahi kusikia ukumbi mzima ukivuta pumzi. Mzee hakucheka. Akaeleza kama mtu anayetoa habari za nyumbani. Dume huyu anaitwa Karani. Yupo zizini kwake Ihumwa, mzima wa afya. Akiwa ndama fisi alimshika sikio, mama yake akamfukuza. Huo mkato wa juu ndio alama, na ni ya ukoo wao akina Obedi. Picha aliipiga Dorkasi mwenyewe, akaiweka Ghala na maelezo yote chini yake. Fisi yumo kwenye maelezo.

Maelezo marefu. Nani ana muda!

Kisha mzee akanigeukia.

"Umesema alama hii ni ya babu yako. Kama ni kweli, wewe ni mtoto wa ukoo wangu. Nakupokea. Lakini nina barua yako juu ya kabati, na kwetu mtu haoi dada yake. Sasa niambie mbele ya watu hawa. Babu yako ni mfugaji?"

Nilitafuta njia ya tatu. Ipo siku zote. Nikasema labda babu alipewa ng'ombe zawadi. Mzee akauliza na nani. Nikatazama dari. Nikamtazama Baba Ritha, naye alikuwa anakagua viatu vyake. Nikamtazama Dorkasi. Alikuwa analia bila sauti, na sikujua analia kwa kunihurumia au kwa hasira.

"Babu alikuwa fundi magodoro," nikasema.

Kicheko kilianzia nyuma. Kikaja kama maji. Mama Jenifa alikuwepo, nilimtambua kwa sauti. Mzee peke yake hakucheka. Alinishika bega, akarudi kukaa. Lile bega linaniunguza mpaka leo.

Zabibu zimepita bila kura. Watu wamesimama tu wakapiga makofi. Shahil akaja kunisaidia kukunja dume. Akasema mchoro ni mzuri, ni maneno tu. Ningependa anitukane.

Nje Dorkasi alinisubiri. Aliniambia mambo mawili. La kwanza, Mpenda Mlenda ni yeye. La pili, mlenda wake nisiutaje tena maisha yangu yote. Kisha akamfuata baba yake.

Nilimtukana mke wangu mtarajiwa. Halafu nikamfariji. Halafu nikapokea ahsante! Nimejifunika shuka usoni mchana kweupe.

Jumatano, 18 Juni

Baba Ritha kaja. Nilijificha nyuma ya geti, lakini geti lina maua tu, mtu anaonekana. Akanisalimia kupitia kwenye ua.

Mzee hajairudisha barua. Kwanza sikuamini. Anasema sikio halijamkasirisha, watoto huchorachora. Kilichomkasirisha ni jibu. Mtu asiyejua akasema sijui, huyo unaweza kumwachia zizi, maana atauliza. Mtu asiyejua akajifanya anajua, huyo anamaliza ng'ombe. Yeye anatafuta mkwe ambaye siku akifa atamwachia Dorkasi na zizi bila wasiwasi. Basi. Jumamosi niende Ihumwa, niombe radhi, anitazame.

Baba Ritha akanishika shati. Akasema chochote nitakachoulizwa, jibu ni moja. Sijui. Hata nikiulizwa jina langu, nifikirie kwanza.

Nimeanza mazoezi. Bosi kauliza geti la mteja liko wapi. Sijui. Kauliza rangi nimenunua au sijanunua. Sijui. Kanifukuza nyumbani mapema, lakini neno linakuja vizuri.

Nimemwandikia Dorkasi kumwomba radhi. Nimeandika pia kwenye ukurasa wa Ghala, kwa jina langu halisi, kwamba alama si yangu, babu si mfugaji, na fisi ni fisi. Erica kaniandikia ahsante. Shahil kaweka alama ya moyo. Dorkasi kajibu jioni, maneno machache: Jumamosi usichelewe, na tafadhali, Gerson, tafadhali.

Nimelia kidogo. Mimi ni mtu mpya.

Jumamosi, 21 Juni

Tumerudi kutoka Ihumwa. Nataka kuandika kwa mpangilio, maana kuna tafsiri mbili za mambo yalivyokwenda, na ya Baba Ritha si sahihi.

Tulifika mapema. Nikampa mzee shikamoo, nikainamisha kichwa, nikaomba radhi bila kuongeza neno. Marahaba. Tukaletewa ugali wa uwele na mlenda. Nilikula mlenda ule kwa unyenyekevu, nikaomba tena. Dorkasi alicheka! Kwa mara ya kwanza tangu Chimwaga. Barua niliiona, juu ya kabati, leso bado nyeupe. Mzee akasema tukitoka zizini atakaa chini aijibu. Baba Ritha alinifinya mkono mpaka nikasikia mfupa.

Zizini alikuwepo Karani mwenyewe. Mkubwa kuliko bango! Sikio lile. Nilitaka kumwomba radhi na yeye. Mzee akamwekea majani mbele. Karani akayanusa, akageuza kichwa.

Mzee akauliza, taratibu, kama mtu anayesemea hewani, ni kwa nini Karani leo hali.

Baba Ritha alifumba macho, midomo inacheza, nadhani alikuwa anaomba. Dorkasi alikuwa mlangoni mwa zizi na beseni, akinitingishia kichwa taratibu. Neno lilikuwepo. Naapa lilikuwepo, kwenye ncha ya ulimi, nimelifanyia mazoezi tangu Jumatano. Lakini mzee alikuwa ananitazama kwa matumaini. Utamwambiaje mtu anayekutazama hivyo kwamba hujui?

Nikasema ni tumbo. Gesi. Nikasema inaonekana machoni. Nikasema babu yangu alikuwa akiwakanda upande wa kushoto na majivu ya moto.

Mzee akauliza babu yupi, wa magodoro?

Nikasema hapana, wa upande wa mama.

Beseni likaanguka. Mzee akaniambia Karani ameshakula, ameshiba tangu asubuhi. Akamkwaruza nyuma ya sikio lile, akatangulia ndani. Hakunishika bega.

Tulipofika Kizota ndipo Baba Ritha akasema aliiona barua ikirudi juu ya kabati, na safari hii mzee aliisukuma mpaka nyuma, ukutani. Akasema amechoka, anawaza kuacha ushenga, arudi kwenye bustani yake. Nikamwambia aangalie upande mzuri. Nyuma ya kabati hakuna vumbi la mlangoni. Barua inatunzwa.

Aibu ninayo. Tena nyingi, uso unawaka. Lakini nimekaa nikafikiri, tatizo liko wapi hasa? Tatizo ni kwamba mzee hana uthibitisho. Kama ile tiba ya majivu ingekuwa imeandikwa mahali, kwa maelezo ya kueleweka, angeisoma, au Dorkasi angemsomea, na mambo yangekuwa mengine. Basi nimeingia Ghala. Nimejisajili upya kwa jina Bingwa wa Mifugo Kanda ya Kati. Nimeandika makala nzuri, yenye vichwa vya habari, juu ya gesi ya tumbo kwa madume na namna wazee wa zamani walivyoitibu.

Chai haijapoa, Mpenda Mlenda kaifuta.

Najua ni nani. Namwona kabisa, kakaa mezani kwake Ihumwa, madaftari ya watoto pembeni, kashika kichwa. Naona aibu hata kupumua.

Nimeirudisha.